Herufi ya Mwisho

Zimeegeshwa pua kwa pua katika yadi ya Twalib,
Barabara ya Lamu, mkabala na aiskrimu ya Mtaliano:
Mark X mbili, nyeupe zote,
mapacha wa tumbo moja la kiwanda
waliotofautishwa kwa herufi matakoni.
Huyu G. Huyu S.
"Kati yao ni laki tatu na nusu tu," asema Twalib,
kama anayetaja bei ya nyanya.

Mimi hupima chumvi Gongoni.
Miaka kumi na mmoja nasoma mizani ya malori,
gunia nalijua uzito kwa kulitazama,
lakini herufi sijawahi kuipima.

G ina viti vya kitambaa, rangi ya uji wa wimbi,
ubao wa uongo kwenye dashibodi,
lita mbili na nusu, farasi mia mbili na watatu.
Nikauliza, hao watatu ni wa nini?
Twalib hakucheka.
S ina ngozi nyeusi, breki pana kama sahani za pilau,
lita tatu na nusu,
farasi mia tatu kumi na wanane.
Nikaiwasha.
Sikusikia mlio. Nilisikia kitu kikisafisha koo
kabla ya kuniita jina langu kamili,
na la baba, na la babu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.
Sawa. Lakini wahenga hawakuoneshwa majembe mawili,
moja likiwa na kiyoyozi cha pande mbili.

Mwanamize alikuja na mwavuli na maswali.
Farasi hakuwauliza. Aliuliza: "Petroli?"
Kisha: "Na karo ya Nusaiba?"
Akafungua mlango wa nyuma wa S, akakaa, akanyamaza,
akaipapasa ngozi kwa kiganja (nilimwona)
halafu akatoka akisema kiti kinachoma.
Na kweli kilichoma. Saa saba mchana, Malindi, mwezi wa pili.
"La kitambaa," akasema, "halishindani na jua."

Fundi Ngumbao akatandika katoni, akaingia chini.
Tukabaki na viatu vyake.
Viatu vikatoka kwa G: "Kutu kidogo. Kama yetu sote."
Vikaingia kwa S, vikakawia.
"Huyu amelala karibu na bahari," sauti ikatoka,
"na usiku alikuwa akikimbizwa."
Twalib akaapa.
Ngumbao akaibuka na kucha zimejaa unga mwekundu,
akazipangusa kwenye katoni, polepole,
kama karani anayegonga muhuri.

Bado niliitaka.
Niseme ukweli, Mwanamize hayupo:
niliitaka zaidi.

Usiku nikahesabu matuta kichwani,
daraja la Sabaki, Mambrui, hadi lango la chumvi:
ishirini na saba.
Farasi mia tatu kumi na wanane
wakipiga magoti mara ishirini na saba kwenda,
ishirini na saba kurudi,
na mpima chumvi juu yao ameshika kiuno.

Nilichukua G.

Sasa ni mwezi wa nne nayo. Viti vinanukia viazi karai.
Watu husema, "Umenunua Mark X!"
Nami huitika, huku nikijisogeza nyuma ya buti,
naiziba herufi kwa suruali.

Jumapili nyingine, alfajiri, niko peke yangu,
ukishaipita Mambrui kuna kipande hakina tuta.
Nakanyaga.
Ananipa mia mbili na watatu, wote,
kwa moyo mweupe, hafichi hata mmoja.
Wale mia na kumi na tano waliobaki yadini
nawatoa mwenyewe, kwa mdomo,
vioo nimevifunga.