Mpaka wa Shaba

Mishi, vua ndara. Simama hapa:
kisigino kwenye marumaru, vidole kwenye mbao.
Umesikia? Huku baridi, huku vuguvugu.
Katikati pana ukanda wa shaba,
mwembamba kuliko pindo la kanga.
Hapo ndipo penye kazi. Kwingine ni mikono tu.

Alhamisi narudi Tanga, kwa hiyo sikiliza.

Anza na ufagio laini, mkavu.
Vumbi la Al Hail si vumbi la kwetu,
lina meno. Ukilikokota kwa kitambaa kibichi
jiwe umelipiga msasa, mbao umezichora.
Kisha taulo. Likunje, lilaze upande wa mbao,
liigande shaba kama mtoto ubavuni mwa mamaye.
Ndoo mbili: ya buluu ya jiwe, nyekundu ya mbao.
Usinichanganyie.
Sabuni kifuniko kimoja, ile isiyo na ukali,
na jiwe ulipanguse ukizipa mbao mgongo,
ukielekea dirishani,
maji yasije yakakuponyoka.
Yakivuka shaba hayarudi.
Yatashuka chini ya ubao, yatakaa huko kimya,
na wiki ya pili ubao utainua bega.

Waona huu wa tatu? Pitisha kiganja.
Huu ni wa Tsehay, Mhabeshi, aliyenitangulia.
Alipigiwa simu, habari za mamake,
akaikimbilia, ndoo ikalala ubavu
mpaka alasiri.
Sura yake siijui. Namjua kwa ubao huu.

Na hapa, karibu na mlango,
inama, mwanga uingie kwa pembeni,
doa jeupe, dogo, kama mtoto wa jicho.
Hili langu.
Kwetu ndimu ni dawa ya kila kitu:
ya samaki, ya kikohozi, ya sufuria iliyoungua.
Wiki yangu ya kwanza niliona tone la chai,
nikakata ndimu, nikasugua, nikajisifu.
Jiwe likatoa vipovu, kama soda,
likanyamaza.
Chai ilitoka. Mng'aro nao ukaifuata.
Nikatandika mkeka juu yake,
na kila mgeni akiingia
niliomba asiuinue kwa kidole cha mguu.

Basi ndimu hapana. Siki hapana. Jiki hapana,
hata wakikushauri jikoni.
Na nta ya mbao isivuke kuja huku:
jiwe haliinywi, litamwangusha mtu,
na mtu mwenyewe ni Bi Ghanima.

Macho yake yalizima mwaka juzi. Hutembea peku,
mkono ukutani, kutoka majlisi
mpaka chumba cha marehemu mumewe,
aliyetandikiwa mbao hizi uzeeni
magoti yalipogombana na baridi ya jiwe
kila akisujudu.
Mkeka tuliuondoa asije akajikwaa.
Juzi nilimfuata nyuma, taulo begani.
Penye doa akasita. Unyayo ukazunguka mara moja.
Akasema, kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo,
"Mwanamvua."
Hatua nne. Shaba. Ubao wa tatu.
"Tsehay."
Akaendelea na safari yake.

Miaka sita, Mishi, nilidhani ni siri yangu na jiwe.
Sikumuuliza tangu lini. Niulize nini?
Nilirudi jikoni nikaosha vikombe
vilivyokwisha oshwa.

Haya. Zamu ya mbao.
Hizi hazioshwi, hupanguswa tu, kufuata mishipa yake,
na kitambaa kinachokaribia kuwa kikavu.
Chukua ndoo nyekundu. Kamua.
Kamua tena.

Bado hicho. Nasikia tone.