Duku

Aliingia adhuhuri, Mtaa wa Biashara umesinzia,
akasema: "Baba, nataka duku."
Nikamwambia: duka ndilo hili, mama, umo ndani yake.
Akatikisa kichwa. "Duku."
Nikadhani ana dukuduku,
nikamsogezea kigoda.
Akazungusha mkono kichwani,
akafunga fundo la hewa kisogoni.

Aa. Kitambaa cha kichwa.

Tamandani, mtu wa Zomba.
Kwao neno lililetwa na babu
aliyekwenda Joni kuchimba dhahabu,
akarudi na kifua kibovu, sufuria mbili,
na kitambaa chekundu cha mkewe, kimekuja na jina
kama mbuzi auzwaye na kamba yake.
Makaburu walikiita *doek*,
neno lenye ukingo mbichi;
watu wakalipinda,
wakalishonea *u* mwishoni lisifumuke.

Shemeji yangu Kombo, baharia mstaafu,
alikuwa kibarazani akimenya chungwa.
"Hilo nalijua! Rotterdam, mama wa mkahawani
alipangusia meza *doek*.
Na melini Waingereza waliita hivyohivyo, au karibu,
turubai, na suruali zetu nyeupe."
Tambara, turubai, suruali, kilemba:
neno moja, na halijachakaa.

Sikushangaa. Leso nayo tulimvua Mreno,
tukaifunga kiunoni, tukaiandika maneno
ambayo Mreno mwenyewe angeyasoma akaona haya.
Na marekani, nani huuliza tena
ilishuka kwa meli gani?

Tukacheka, mimi na Kombo.
Tamandani hakucheka.
Akatoa mkobani kipande cha chitenje, kijani, kimepauka;
mamake alikikata siku ya kuagana,
nusu yako, nusu yangu.
"Anazikwa leo saa tisa. Nauli sina.
Kwetu mwanamke haendi makaburini kichwa wazi.
Nitamzika kwa simu."

Kombo akaliweka chungwa chini.

Nikapinda pande tatu.
Wa nne ulikuwa na upindo wa zamani,
mshono wa mkono, mkubwamkubwa, si wa fundi.
Nikauacha.

Akajifunga mbele ya kioo changu chenye ufa,
akalipa hamsini, akataka risiti hata,
kisha akasema basi, haidhuru,
akatoka, simu sikioni.

Jioni nikaandika daftarini: *duku moja, sh. 50.*
Swabiri, mwanafunzi wangu, akachungulia begani:
"Fundi, hapa umekosea. Ni duka."
Nikamwambia azime pasi.