Juzuu ya Nne

Dada yangu Halszka husema, huku akimenya viazi,
kwamba mtu wa miaka arobaini na sita,
mkaguzi wa breki za tramu, mwenye goti bovu na deni la benki,
hana sababu ya kumlilia konokono wa udongo.

Sibishi. Lakini Halszka alikuwa akilala mapema.
Hakumwona, saa moja na dakika kumi jioni,
televisheni ya bibi ikikoroma kama paka mwenye mafua,
konokono akitoka ndani ya buti la askari,
taa ndogo juu ya gamba,
akiwapelekea barua wadudu wasiojua kusoma.
Aliwasomea yeye. Kisha akawaandikia majibu.

Nilikuwa na miaka saba nilipokiona kidole.
Alama ya gumba, shavuni mwake, mistari kama ya kisiki:
picha hii ipo, picha ijayo imehamia kidevuni,
halafu haipo, halafu ipo juu ya jicho.
Nikamwambia bibi: kuna mtu anamshika.
Bibi, aliyefuma vitambaa miaka thelathini hapa Łódź
na masikio yake akayaacha hukohuko kiwandani,
akauliza: Nani? Yuko wapi?
Nikanyamaza. Nikajua nina siri.
Kati ya kufumba na kufumbua mtu huingia,
humsogeza kiasi cha unywele, hutoka.

Vitabu navyo.
Bi Dobrosława wa maktaba alikuwa na hadithi ya mlinzi wa daraja,
juzuu saba, ila ya nne iliibwa,
au ililowa, ilitegemea umemuuliza siku gani.
Nikaruka kutoka ya tatu hadi ya tano:
kule Mirela ana mikono miwili, huku ana mmoja,
na hakuna anayeshangaa.
Basi mkono nikaukata mimi.
Chini ya blanketi niliukata kwa barafu, kwa mbwa, kwa msumeno,
na usiku mmoja, kwa huruma: aliutoa mwenyewe, akampa mtu.
Juzijuzi nimeipata ya nne, sokoni, kwa bei ya mkate.
Ajali ya mashine. Kurasa mbili, basi.
Nimeiweka kwenye rafu, uti wake ukitazama ukuta.
Yangu ndiyo ya kweli.
Akipenda, chongo huita kengeza. Haya, na iwe kengeza.

Na jukwaa, je?
Mchezo wa nyimbo wa yule mwokaji aliyeazima sauti
nimeutazama mara kumi na tisa, tiketi ya kusimama,
nyuma ya nguzo, goti likininung'unikia.
Usidhani najua kuimba. Nikiimba, Halszka hufungua dirisha
na kutoa kichwa, majirani waone si yeye.
Mimi nafuata zile sekunde kumi na moja
baada ya tanuri kuzimika, kabla stesheni haijawaka.
Giza. Wapiga fidla wameshusha pinde.
Watu wawili wenye nguo nyeusi wanabeba benchi
kama wanaobeba mgonjwa aliyepata usingizi.
Mmoja ana kikohozi. Nakijua kikohozi kile tangu Februari;
mara ya kumi na nne hakikuwepo,
na sehemu ya pili yote sikuisikia.

Jumapili nilimburuta Halszka hadi jumba la makumbusho.
Konokono yumo, ndani ya kabati la kioo.
Mdogo! Anaenea kwenye kijiko.
Taa ni shanga tu. Gamba lilipasuka, likaungwa kwa gundi ya njano.
Nikapiga goti, lilelile bovu, nikatafuta shavuni, kidevuni,
nikatafuta mpaka pumzi yangu ikaziba kioo.

Halszka akainama. Hakusema kitu, yeye wa kusema.
Akapangusa kioo kwa kiwiko cha koti.
"Nyuma ya sikio," akanong'ona.
Konokono hana sikio.
"Basi hapo, popote unapopaita. Si dole hilo?"

Nyuma yetu mlinzi akakohoa, akitaka tusogee.
Nikageuka upesi.
Hapana. Siye.