Mfuo wa Pili

Balikowa aliileta imeviringishwa kitenge cha mkewe,
lenzi ya kuvuta, nzito kama mtoto wa miezi mitatu,
akailaza juu ya benchi langu pale Masese
kati ya tupa na vikombe vya chai.
"Inakwama," akasema. "Sabini. Kila mara, sabini."

Akanionyesha kwanjula ya Iganga:
senga anapita mbele ya vijana waliovaa kanzu,
anamtazama huyu, anamwacha, anamtazama yule,
na mkono wake unapoinuka kumchagua bwana harusi
picha inaruka kama mbuzi aliyekata kamba.
Ikitulia, tunaona sikio la mtu.
Familia haijalipa salio hadi leo.

Niliifungua usiku, parafujo kumi na tisa
nikizipanga kwenye trei ya mayai.
Ndani hamna muujiza. Mna bomba ndani ya bomba.
La nje limechanjwa mifuo iliyopinda,
la ndani mifuo iliyonyooka kama timazi,
na pini moja inapenya kote kuwili:
uliopinda unaisukuma, ulionyooka unaikataza kuzunguka,
na kwa kubanwa hivyo haina budi ila kwenda mbele.
(Nami nimewahi kubanwa pande mbili.
Sikwenda mbele vizuri namna ile.)

Mfuo wa kwanza nilimwelewesha Mukose kwa dakika moja.
Unakimbiza vioo, unakuza, basi.
Wa pili ndio ulionikesha.
Unarudi nyuma kidogo, unasita,
kisha unageuka kwenda mbele
kama mtu aliyekumbuka ufunguo mlangoni;
na ni kwa kusitasita kule
uso ulioulenga unabaki mkali.
Mmoja anasafiri, mwenzake anasahihisha.
Bila yule wa pili, kila unayemkaribia
anafifia.

Pini ilikuwa ya plastiki, imelika upande mmoja.
Na pale sabini, mkono wa Balikowa
unapopumzika harusi baada ya harusi,
ukingo wa mfuo ulikuwa umevimba.
Jicho halikuona. Ukucha uliona.
Nikausugua kwa jiwe la mafuta, mara tatu, nikaacha.
Ya nne ingekuwa tamaa.

Walioiunda hawaiundi tena, wala hawauzi vipuri.
Nikachukua koki kuukuu ya shaba, nikaikereza.
Pini ya kwanza ilizidi nusu ya unywele. Ikagoma.
Ya pili ililegea: niliinamisha lenzi tu
ikateleza yenyewe hadi mwisho, tak,
kama mlevi aliyepata kitanda.
Ya tatu, umeme ukakatika.
Mukose akamulika kwa simu, nami nikamalizia kwa msasa,
nikihesabu mizunguko kwa Kisoga,
sijui kwa nini kwa Kisoga.

Halafu grisi. Mukose alidhani grisi ni ya kuteleza.
Hapana, nikamwambia, hii ni ya kukataa.
Kidole kinataka kitu kinachokikataa kidogo,
mwanzo sawa na katikati, katikati sawa na mwisho;
kikikubaliwa haraka, kinashtuka.
Nikaipaka kwa njiti ya kiberiti, nikaifuta karibu yote.

Asubuhi niliielekeza dirishani.
Ng'ambo ya barabara, mama wa mihogo,
mdogo kama punje, katikati kabisa ya kioo.
Nikazungusha.
Akaja. Hakuruka, hakufifia, hakuyumba:
karai, kisha mikono, kisha noti anazozihesabu
na kuzihesabu tena, midomo ikicheza,
kisha jicho lake moja, lenye maji.
Pale sabini sikuhisi kitu.

Hakujua kwamba nimefika karibu vile.
Nikazungusha kurudi, polepole,
hadi akawa punje tena, na barabara ikamzunguka,
nikaifunika lenzi
na kumtuma Mukose akanunue mihogo ya elfu mbili.