Boriti ya Saba

Kabla ya kuivuta nyumba nilijilaza chini yake,
mgongo topeni, tochi kinywani,
nikazigonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo.
Ya kwanza ikaitika. Ya pili ikaitika.
Ya saba, ile iliyo chini ya jiko la kuni,
ikanyamaza kama mtu anayeficha deni.

Nikaichoma kwa ncha ya patasi.
Ikazama hadi kwenye mpini, bila ubishi.
Miaka arobaini birika la Bi Edelmira Lepío
limedondosha palepale, tone, tone,
na boriti haikumwambia mtu.
Ndivyo zilivyo: zinakubeba huku zinaoza,
na wewe huko juu unamenya viazi.

Huku kwetu Chiloé bahari ikiula ukingo
hatubomoi. Tunaita majirani,
tunafunga minyororo kwa maksai,
nyumba inateleza juu ya magogo
hadi palipo pakavu,
ingawa pakavu, kisiwani humu, ni neno la kuazima.

"Sakafu ni kitu cha kukanyagwa tu,"
alisema Remigio, mwanawe,
aliyerudi kutoka Punta Arenas na saa mpya mkononi.
Sikumjibu.
Nilimkabidhi ncha ya pili ya msumeno.

Tulikata mti wa luma. Luma hucheka meno ya msumeno.
Hadi adhuhuri Remigio alikuwa ameivua ile saa.

Yanira, mwanagenzi wangu, ana maswali kuliko misumari:
Mbona tunaacha mwanya ukutani, upana wa kidole?
Kwa sababu mbao hunenepa, mwanangu.
Julai zinakunywa mvua, Januari zinakonda,
na ukizibana zikose pa kujinyoosha
zitainuka katikati kama mgongo wa paka.
Na mbona msumari tunaupiga mshazari,
kwenye ulimi wa ubao, usionekane?
Ubao unaofuata utaufumba kwa mfereji wake.
Siri nyingine si uongo.
Ni kazi iliyokubali kutotazamwa.

Siku ya kuvuta, jozi nane za maksai.
Audilio aliwaita kwa majina, kila mmoja na tusi lake.
Wote walitoka nje. Mimi nilibaki ndani,
peku, katikati ya chumba kitupu,
nisikilize kwa nyayo.

Nyumba ikaguna.
Dirishani, miti ya jirani ikaanza kutembea.
Kila boriti ilipita chini yangu na sauti yake:
ya tatu ilikwaruza, ya tano ilikohoa,
ya saba, ngeni, mbichi ya adabu,
ilitoa mlio mmoja mfupi
kisha ikashika.
Nilikuwa nimeuma shati langu. Sikujua hadi jioni.

Mahali papya, Bi Edelmira hakuuliza pimamaji.
Alitoa tofaa kwenye mfuko wa aproni
akaliweka sakafuni.
Likawaza kidogo.
Kisha likabingirika, taratibu, hadi kona ya kaskazini,
likagonga kiatu cha Remigio.

Basi, kabari. Jeki. Topeni tena.
Yanira juu anapaza sauti: "Bado! Bado! Punguza!"
Mara tatu tofaa likakimbia.
Mara ya nne likakaa,
na watu kumi na wanne, wenye njaa, wameloa,
wakalitazama tofaa lisilofanya lolote
wakapiga makofi.

Usiku boriti iliyooza ilikatwa vipande
ikatiwa jikoni. Moshi mwingi, moto haba.
"Inatosha," akasema, akatenga birika.
Nikamkumbusha: Bibi, hilo linavuja.
"Ningekuwa na shida na birika," akasema,
"ningemwita mfua bati."

Akaliinua kunimiminia chai.
Tone la kwanza likaangukia palepale.