Spana ya Kumi na Tatu

Ghala, saa nane mchana. Mabati yameshika moto,
hata paka wa gereji amehamia chini ya kompresa.
Mbele yangu gari la kifahari, jeupe, halijatimiza mwaka,
limekataa kuwaka.
Si injini. Si mafuta. Si betri.
Ni kidude cha ukubwa wa kokwa ya tende
kinachotaka kusemeshwa na kompyuta;
kompyuta iko Dubai, na mwenye nywila yuko likizo.
Mwenye gari anazunguka, kanzu imemganda mgongoni,
anapiga gurudumu teke
kama anayemwamsha punda aliyekwisha kufa.

Siku hiyo nilichana mfuko wa saruji,
nikachora upande wake wa ndani.

Nilichora madirisha ya umeme.
Harithi, muunga vyuma, mzaliwa wa Wete, akasema: Kata.
Nikachora skrini. Kata.
Nikachora milango. Akafikiri kidogo. Kata.
Mchoro ukabaki mbavu tupu.
— Sasa tubakishe nini?
— Bakisha anachoweza kukifungua aliyeuziwa.

Tukawekeana sharti moja:
kila nati, ya gurudumu mpaka ya kiti,
ifunguke kwa spana ya kumi na tatu.
Na spana yenyewe tukaifunga mnyororo chini ya kiti,
maana watu tunawajua,
na sisi pia ni watu.

Akaja mwenye fedha. Akakaa, akala halua, akauliza:
Mtu akiweza kujitengenezea, nyinyi mtakula nini?
Faida iko kwenye vipuri, binti yangu.
Nilikuwa na jibu refu, lenye hesabu.
Nilipofika katikati akakitikisa kikombe cha kahawa:
basi, inatosha.
Hatukumwona tena.

Injini tuliipata kwenye pampu ya shamba, silinda moja,
kelele zake zinatangulia kufika.
Magurudumu matatu. Sanduku la nyuma la mbao.
Harithi alilipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu.

Gari la kwanza tulimpa Thuwaiba binti Mselem,
nje kidogo ya Ibra, mwenye mbuzi arobaini na goti baya,
aliyezaliwa Tabora akaletwa huku
angali anang'oka meno ya utoto.
Maishani mwake hajapata kushika spana.

Wiki ya sita akapiga simu:
Zamzam, gari lenu limevunjika.
Simu ikakatika.

Nikapakia jeki, springi, grisi, nati za akiba.
Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi,
mlima hata mlima,
na kila neno nililitengeneza vizuri kuliko lile gari.

Nikafika. Uani mbuzi, majani, ndoo.
Gari halipo.
— Liko wapi?
— Sokoni. Mwanangu kapeleka ndimu.
— Si ulisema limevunjika?
— Nilisema limevunjika. Nilisema njoo?

Liliporudi nikalala chali mchangani, nikaingia chini.
Bushi ya nyuma ilikuwa imekufa kabisa.
Mahali pake pamekaa kipande cha ndala, bluu,
kimekatwa kwa kisu cha jikoni,
alama ya kidole gumba bado imo.
Nati mbili zimekazwa,
moja kwa hasira zaidi ya mwenziwe.
Nikakitikisa kile kipande. Hakikutikisika.
Nilikaa mle chini muda mrefu kuliko ulivyohitajika.
Nisiseme uongo: wivu ulikuwepo.

— Basi uliniita kwa nini? niliuliza, mchanga mdomoni.
— Unywe kahawa. Tena nikwambie,
huo mnyororo wa spana mfupi.
Mtu mwenye goti bovu ainame hivyo kwa sababu gani?

Usiku nikaukunjua mfuko wa saruji, nikaandika pembeni:
Bushi ya nyuma: ndala. Rangi yoyote.
Mnyororo: ongeza shibiri mbili.