Safu ya Kumi na Saba

Kona arobaini na moja toka mtoni hadi lango la Quilodrán.
Nazijua moja moja, kama mtu ajuavyo meno yake.
Leo nimepandisha wanne: wanunuzi wawili wa Santiago,
daktari wa macho, na mkewe aliyetapika kona ya thelathini,
akaliomba radhi gari, si mimi.

Hortensia hakutupokea kwa tabasamu. Alitupokea kwa makoti.
"Vaeni. Jua halijawahi kualikwa humu."
Chini, mapipa yalilala ubavu kwa ubavu
kama watoto wa bweni waliokatazwa kuongea.
Alichovya mrija wa kioo tumboni mwa la kwanza,
akaziba tundu kwa kidole gumba,
akatugawia weusi kidogo kidogo.
Nikasema, bibie, mimi ni dereva.
"Dereva naye ana ulimi," akajibu,
akanisogezea ndoo kwa mguu.

Basi nikajifunza kutema mbele za watu,
jambo ambalo mama alinichapa
hadi nikaliacha.

Wanunuzi walianza rozari yao:
mwerezi, tumbaku, forosadi, ngozi ya tandiko,
penseli iliyochongwa sasa hivi.
Kila neno liliongeza peso elfu juu ya chupa
ambayo bei yake, nilivyoisoma ukutani,
ni matairi mawili ya mbele, mapya.

Mimi sikuona penseli.
Niliona ukakasi,
ule wa tunda lililochumwa kabla ya siku yake,
unaokushika mashavu kwa ndani
na kuuliza: ulikuwa wapi?
Kisha ukalegea.
Kisha utamu, mbali,
kama taa ya nyumba ya mtu mwingine.

"Huku juu Kaberne hunyimwa," alisema Hortensia.
"Udongo kiganja tu, chini yake mwamba.
Usiku baridi inaiuma.
Kule bondeni mzabibu mmoja hujaza karai;
hapa hunipa kofia moja, tena ya mtoto.
Punje ndogo, ganda nene. Anayenyimwa hujikunja,
akijikunja, hukolea."
Akaitazama mikono yake, zambarau hadi vifundoni,
asiongeze neno.
Bondeni wanasema aliuza nyumba ya mjini
anunue mlima huu, mume akiwa bado ndani.
Sijui. Watu wa bondeni wana kiu ya mambo.

Pipa la sita hakuna aliyesema kitu.
Daktari wa macho alifumba macho.

Ndipo akaingia Nazario, mpogoaji,
makasi kiunoni, theluji ikimyeyukia mabegani,
anatafuta ufunguo wa pampu.
Hortensia akampa glasi, asimwambie ya pipa gani.
Hakuizungusha. Hakuinusa.
Alikunywa kama mtu anywaye maji wima,
akatazama dari.

"Kumi na saba," akasema. "Upande wa juu,
pale tulipomzika mbwa."
Akafuta mdomo. "Sasa, huo ufunguo?"

Mnunuzi mmoja alitoa kalamu, akaandika,
akafuta,
akauliza mbwa aliitwa nani.

Jioni niliwateremsha wamelala, vichwa vikigongana,
kreti tatu za bei ya matairi zikilia nyuma.
Kona ya thelathini nilipunguza mwendo, kwa heshima.
Ukakasi ulikuwa bado umekaa kwenye fizi,
mgeni asiyejua kuaga.
Langoni Hortensia alikuwa amenitia mkononi
kichupa kisicho na lebo, kizibo kimesukumwa kwa kidole.
"Egesha kwanza," alisema.

Niliegesha.
Injini ikapoa kwa vimlio vyake vidogo.
Nikang'oa kizibo kwa meno, nikanywa,
na mara hii sikutema.
Nilimtafuta mbwa.
Nilipata jiwe, jiwe la usiku,
na nyuma yake kitu kama manyoya yaliyolowa.
Au labda lilikuwa koti la Hortensia,
ambalo, nilipojitazama, nilikuwa bado nimelivaa.